Chuma Kinachokomaa Jikoni

Jiko la mpishi wa vitumbua, liwe Unguja, Tanga au Lamu, limepitia mabadiliko mengi. Mchele husagwa kwa blenda badala ya kutwangwa, rojo huumuliwa ndani ya ndoo ya plastiki, na sufuria za alumini zimechukua nafasi ya vyungu. Katikati ya vyote hivyo kimebaki chombo kimoja kikongwe: chuma cha vitumbua, kizito, cheusi, chenye vishimo vya mviringo vilivyojipanga kama vikombe. Jina lenyewe linasema mengi, kwa kuwa chombo kimeitwa kwa jina la kile kilichokitengeneza. Siku hizi vipo pia vya alumini, vyepesi zaidi, lakini cha chuma kingali kinatafutwa, na sababu yake si mapenzi ya mambo ya kale. Rojo baridi la mchele na tui likimiminwa kwenye kishimo linapaswa kukuta joto limekwisha kujikusanya chini na ubavuni, ili ganda lishike mapema na kitumbua kigeuzwe kikiwa kizima. Chombo kinachopoa mara tu rojo linapokigusa hutoa kitumbua cheupe, kilichonyonya mafuta na kung'ang'ania pembeni. Watu wa mbali na mbali wamefikia jibu hilohilo. Watamil wa kusini mwa India hupika paniyaram kwenye chuma chenye vishimo, nchini Denmark chuma cha namna hiyo hutumika kwa æbleskiver za Krismasi, na wauzaji wa takoyaki wa Osaka hugeuza madonge yao ya pweza kwa kijiti, kama vile kitumbua kinavyogeuzwa Forodhani, Unguja.

Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba raha ya kupikia chuma cha kusubu inachimbuka palepale penye kero zake. Chombo hiki ni kizito, kinachelewa kupata moto, kinashika kutu, na huachia chembe zake ndani ya chakula. Wanaokisifu huzipita kero hizo nne harakaharaka; wanaokikataa huzitaja na kufunga mjadala. Wote wawili wameliacha jambo lenyewe njiani, maana uzito ndio unaotunza joto, uso unaoshika kutu ndio unaoshika pia ngozi nyeusi isiyogandisha chakula, na chuma kinachoingia mchuzini kinaweza kuwa dawa kwa mtu na madhara kwa mwingine. Mtu akivijua vitu hivi vizuri ataweza kuamua kama chombo hiki kinamfaa, na kama kinamfaa, akipikie nini.

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu. Chuma kitupu hakikubali kazi hiyo kwa urahisi, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto ambalo matanuri ya zamani hayakulifikia. Kikichanganyika na kaboni kiasi cha asilimia 2 hadi 4, kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 1,150, chuma kikawa maji na kujaza kila pembe ya kalibu. Kinapopoa, sehemu ya kaboni hujitenga ikawa vipande vidogo sana vya grafaiti, kitu kilekile kinachoandika ndani ya penseli, na vipande hivyo hukifanya chuma kiwe kigumu pasipo kunyumbuka. Hakipindiki, kikianguka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kupasuka kama kigae. Wachina walikuwa wakikisubu tangu karne ya 5 kabla ya Kristo. Kwetu wahunzi walishika njia nyingine. Wahaya wa magharibi mwa Ziwa Viktoria walikuwa na matanuri ya chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na Wafipa wa Rukwa walijenga malungu, matanuri marefu kumpita mtu, lakini humo chuma hakikuyeyuka kikatiririka. Kilijikusanya kuwa bonge lenye matundu kama sifongo, mavi ya chuma yakachuruzika, kisha bonge likafuliwa kwa nyundo. Chuma cha kufuliwa hutoa jembe, mkuki na shoka imara kuliko cha kusubu. Hakitoi chungu kinene chenye tumbo la mviringo. Kwa hiyo upishi wetu ulibaki mikononi mwa wafinyanzi, kama wanawake wa Kikisi wa kando ya Ziwa Nyasa ambao vyungu vyao vingali vinapelekwa sokoni hadi leo, na chombo cha chuma cha kusubu kikatufikia kwa njia ya biashara.

Ulaya nayo ilichelewa. Mwaka 1707 Abraham Darby, fundi wa shaba wa Bristol nchini Uingereza, alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga, njia iliyokuwa rahisi kuliko kalibu za udongo na iliyotoa vyungu ambavyo mtu asiyeweza kununua vya shaba angevimudu. Miaka miwili baadaye, huko Coalbrookdale, alianza kupata chuma kwa kutumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, badala ya mkaa wa miti. Vitabu vya historia hulikumbuka tukio hilo kwa sababu ya mashine na reli zilizofuata, na kwa sababu ya daraja maarufu la chuma lililosimamishwa na mjukuu wake juu ya Mto Severn mwaka 1779. Lakini bidhaa ambayo Darby aliitafutia soko tangu mwanzo ilikuwa chungu cha kupikia. Sioni vibaya kusema kwamba zama za viwanda zilianzia jikoni. Vyungu vya miguu mitatu vilivyotokana na ufundi huo vilisambaa na meli, na kusini mwa Afrika vimekuwa vya wenyeji kabisa: seswaa ya Botswana, nyama inayochemshwa kwa saa nyingi kwa maji na chumvi kisha ikapondwa, hupikwa humo kwenye harusi na misiba.

Sasa moto, maana hapo ndipo sifa za kweli na za uongo zimechanganyika. Husemwa mara nyingi kwamba chuma cha kusubu husambaza joto sawasawa. Si kweli. Alumini hupitisha joto karibu mara nne zaidi yake, na shaba nyekundu hupita hapo. Weka kikaango baridi cha chuma juu ya jiko la gesi lenye duara dogo la moto, anza kukaanga papo hapo, na utapata baka la kuungua katikati huku pembeni pakiwa pabichi. Sifa yake ya kweli ni kutunza joto. Kikaango cha upana wa sentimita 26 kina uzito wa karibu kilo 2.4, cha alumini cha upana huohuo kwa kawaida hakifiki kilo moja. Gramu kwa gramu alumini hubeba joto karibu maradufu ya chuma, lakini kwa kuwa kikaango cha chuma ni kizito mara tatu, kikipashwa hadi nyuzi 200 huwa na akiba ya joto kiasi cha mara moja na nusu ya kile chepesi. Akiba hiyo ndiyo mpishi anayoitumia. Kipande cha samaki kilicholowa ndimu na chumvi kikigusa chuma, joto la kukausha maji ya juu yake hutoka akibani hapohapo bila kungoja moto wa chini. Maji yakikauka upesi, uso wa samaki hupanda kupita nyuzi 140, mahali ambapo protini na sukari huungana na kutoa rangi ya kahawia na ile harufu inayomvuta jirani dirishani, badiliko ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Kwenye chombo chepesi joto huporomoka, majimaji hujikusanya, na samaki huchemka kabla hajaanza kukaangika. Mpishi hudhani moto ni mdogo, huuongeza, na chombo chembamba kikishakauka huunguza.

Chapati huonyesha upande wa pili wa sifa hiyohiyo. Ya kwanza huwa ya kupimia moto. Baada ya hapo kikaango kizito hubaki na joto lilelile, kuanzia chapati ya tatu hadi ya thelathini, hata mkaa ukipungua kidogo au mtu akipepea kwa nguvu ghafla, kwa kuwa chombo kinachochelewa kupata moto huchelewa vilevile kuupoteza. Kwa mtu anayepikia familia kubwa asubuhi ya Idi, au mama ntilie mwenye foleni mbele yake, uchelewaji huo ni utulivu. Anaweza kusukuma moja huku nyingine ikiiva bila kulinda moto kila dakika. Mkaa wenyewe hukifaa chuma hiki kuliko gesi, kwa sababu makaa hutanda chini ya kitako chote. Kwenye gesi dawa ni subira ya dakika tano hadi kumi kwa moto wa wastani, na kukizungusha kikaango mara moja au mbili ili joto lizifikie kingo zake.

Na wali je? Upishi wa pwani una neno zuri sana, kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko ili wali ukauke na kuiva kwa moto wa juu na wa chini. Wapishi wa vyungu vya chuma wa Marekani na Afrika Kusini hufanya jambo hilohilo: mifuniko ya baadhi ya vyungu vyao imetengenezwa na ukingo uliosimama ili makaa yasiteleze, na humo huoka hata mkate. Mfuniko mwembamba wa alumini hupitisha ukali wa kaa pale lilipokaa, na wali wa juu ukababuka kwa madoa. Mfuniko mnene wa chuma hupokea joto polepole na kuligawa unene wote kabla ya kulishusha. Chini ya chungu, moto ukiwa mdogo, ule ukoko ambao watoto huugombea hukolea rangi taratibu, na mpishi ana muda mrefu zaidi wa kuuwahi kabla haujawa mkaa. Ninashangaa kwamba wapishi wa wali wa nazi na pilau hawajakichangamkia zaidi chungu cha namna hii; hakuna chakula kinachokifaa kuliko kile kinachotaka moto mdogo, wa pande mbili, usioyumba.

Jambo la pili ni ngozi yake. Kikaango cha chuma kitupu ni cha kijivu na chakula hunasa. Kinachokigeuza kuwa cheusi na laini ni mafuta, na wengi wanaokiona hudhani ni uchafu wa miaka usiosuguliwa. Mafuta yanayobaki majimaji hata kwenye baridi, kama ya alizeti, yana molekuli zenye nafasi za kushikana. Yakipakwa utando mwembamba sana na kupashwa hadi nyuzi 200 au zaidi, oksijeni ya hewani huziunganisha molekuli hizo zikawa mtandao mmoja mgumu, ambao wakemia huuita polima, uliokamata vinyweleo vya chuma. Rangi ya mafuta inayokauka juu ya mlango wa mbao hukauka kwa kanuni iyo hiyo. Kazi hii tunaweza kuiita kukomaza kikaango. Hapa mpishi wa pwani anapaswa kujihadhari, kwa sababu mafuta yaliyo karibu zaidi na mkono wake ndiyo yasiyofaa. Mafuta ya nazi huganda kwenye ubaridi kwa kuwa karibu molekuli zake zote zimekwisha kujaa, hazina pa kushikana, na hayatengenezi ngozi ya maana hata ukiyachoma kutwa. Ya alizeti yanayokamuliwa Singida na Dodoma yanafaa zaidi. Kosa la kawaida ni kuyapaka mengi. Yakiwa mengi hukauka nusunusu na kubaki yananata. Kikaango kipakwe, kisha kifutwe kwa kitambaa kikavu kana kwamba mafuta yale yaliingia kwa bahati mbaya, kipashwe kwenye joto kali kwa muda wa saa moja, kipozwe, na kazi irudiwe mara tatu au nne. Moshi utakuwepo, kwa hiyo ifanyike uani au madirisha yakiwa wazi.

Kuanzia hapo kila mlo wa kukaanga huongeza utando mwingine. Hii ndiyo raha ninayoiona kubwa kuliko zote, na haielezeki kwa kipimajoto. Vyombo vyetu vingi vya nyumbani huanza kufa siku vinaponunuliwa. Sufuria hubonyea, mpini hulegea, kikaango kilichopakwa teflon huwa bora siku ya kwanza na kila kijiko cha chuma kinachokigusa hukipunguzia umri. Kikaango cha chuma cha kusubu kikitoka kiwandani hakijakamilika. Yai la wiki ya kwanza hunasa. La mwezi wa sita huteleza. Anayekitumia ndiye anayekimalizia, na mikono yake huonekana juu yake: aliyekaanga samaki mara kwa mara, aliyepika chapati tu, aliyekisahau kwenye maji. Mfinyanzi na mpishi wa chungu wanalifahamu jambo hili tangu zamani, maana chungu kipya nacho huzoeshwa moto kabla ya kuaminiwa mchuzi.

Wapo wanaoogopa sabuni. Onyo hilo lilikuwa na maana wakati sabuni ilipotengenezwa kwa magadi makali yaliyoweza kuubabua utando wa mafuta. Sabuni ya maji ya siku hizi kidogo, dodoki na maji ya vuguvugu havikidhuru. Kinachokidhuru ni kukilaza usiku kucha ndani ya beseni la maji, au kukimwagia maji baridi kikiwa cha moto sana, kwani chuma kisichonyumbuka hupasuka kinapobanwa ghafla na baridi. Pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kufuta kwa kitambaa hakutoshi: kirudishwe motoni dakika mbili mpaka kikauke kabisa, kisha kipakwe tone la mafuta. Kutu ikitokea, si kifo. Hukwanguliwa mpaka chuma kitupu kionekane, na ukomazaji huanza upya. Chakula chenye uchachu, kama mchuzi wa ukwaju, nyanya nyingi au ndimu inayochemka muda mrefu, kwa kweli huila ngozi changa na kuacha ladha ya chuma ulimini. Hapo chungu cha udongo ni bora, wala sioni aibu kukiri hivyo. Wabelgiji wa Le Creuset, waliokianza kiwanda chao Fresnoy-le-Grand nchini Ufaransa mwaka 1925, walilitatua tatizo kwa kukifunika chuma chote kwa kioo cha rangi. Dawa yao inafanya kazi, lakini chombo chao hakikomai. Kinabaki kama kilivyonunuliwa.

Huo uchachu unaotoa chembe za chuma una upande wake wa heri, na hapa ushahidi unastahili kusomwa kwa makini kwa sababu umepigiwa chumvi sana. Mwaka 1999 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Ethiopia kwa watoto 407 wa miaka miwili hadi mitano. Kaya nyingine zilipewa vyungu vya chuma, nyingine vya alumini. Baada ya mwaka mmoja, kiwango cha himoglobini cha watoto wa vyungu vya chuma kilikuwa kimepanda kwa wastani wa gramu 1.7 kwa desilita moja ya damu, na cha wale wa alumini gramu 0.4. Ni tofauti kubwa kwa kitu ambacho hakihitaji kidonge wala sindano. Lakini jaribio la namna hiyo lililofanywa Benin, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, halikuonyesha nafuu ya maana. Nchini Malawi watafiti walikuta kwamba familia zilipunguza kutumia vyungu vyao vya chuma kadiri wiki zilivyopita, uzito na kutu vikiwa miongoni mwa malalamiko. Katika kambi za wakimbizi magharibi mwa Tanzania sufuria za chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, zilijaribiwa dhidi ya upungufu wa damu bila mafanikio, jambo linaloeleweka, kwa kuwa chuma hicho kimeundwa kisiachie chochote.

Ninavyoyasoma matokeo haya, kiasi cha chuma kinachoingia kwenye chakula hutegemea uchachu wake, majimaji yake na muda wake motoni, na kiasi kinachofika kwenye damu hutegemea chakula chenyewe. Watafiti wa Ethiopia walipopima vyakula maabara waliona nyama na mboga zikifaidika, lakini kwa jamii ya kunde chuma ambacho mwili ungeweza kukitumia hakikutofautiana kati ya chombo na chombo. Mlaji wa maharage kila siku asitegemee chungu kimponye. Yuko pia mtu ambaye faida hii kwake ni hatari. Wenye selimundu waliokwisha kuongezewa damu mara nyingi, na wenye maradhi ya kurithi yanayolimbikiza chuma mwilini, waulize daktari wao kabla ya kupikia chombo hiki kila siku. Kwa wengine wote, na hasa wanawake wa umri wa kuzaa, ambao upungufu wa damu huwaandama zaidi, ni nyongeza njema ya mlo mzuri. Haichukui nafasi ya matibabu.

Mtu atasema: vyombo vyepesi vinatosha, kwa nini kujitwisha mzigo? Kwa aliye na maumivu ya viganja au mgongo, pingamizi hilo halina jibu; kilo mbili na nusu zikijaa mchuzi wa moto si za kuchezea, na anunue chombo chepesi kwa amani. Kuhusu mkaa, ambao bei yake humuumiza kila mpishi wa mjini, hofu ni kubwa kuliko hesabu. Kukipasha kikaango cha kilo 2.4 hadi nyuzi 200, kwenye jiko zuri la mkaa linalofikisha takriban robo ya nguvu ya mkaa kwenye chombo, hugharimu kama gramu 27 za mkaa. Kikaango cha alumini cha gramu 800 kitatumia kama gramu 17 au 18. Tofauti ni kipande kidogo cha kaa, na sehemu yake hurudi mpishi anapoepua mapema na kuacha akiba ya joto imalizie. Upo mjadala mwingine unaokipa chuma hiki nguvu mpya. Tanzania imejiwekea mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Wengine watahamia gesi, wengine majiko ya umeme yanayopasha chombo kwa sumaku. Majiko hayo ya sumaku huikataa sufuria ya kawaida ya alumini. Kikaango cha chuma huyakubali yote, kuni za leo na umeme wa kesho.

Teflon nayo inastahili kuhukumiwa kwa haki. Iligunduliwa na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont mwaka 1938, na kipande chake kikimezwa hupita tumboni bila kufanya lolote. Shida ni joto. Kikaango chake kikiachwa kitupu motoni kikapita nyuzi 260, utando huanza kuharibika, na ukizidi hapo hutoa moshi unaoua ndege wa tunduni na kumletea mtu homa. Kwenye jiko la umeme lenye kipimo, joto hilo huepukika kwa urahisi. Juu ya makaa mekundu yasiyo na swichi, hufikiwa mpishi akiwa bado anakatakata kitunguu. Alumini ya viwandani ni salama kwa matumizi ya kawaida, lakini sufuria nene zinazosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu zina swali lake. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya sufuria za aina hiyo kutoka Kameruni, na baadhi zilitoa madini ya risasi kwa kiwango cha kutisha. Ninayataja haya kwa sababu unafuu wa bei hupimwa dukani tu, na gharama nyingine za chombo hujitokeza baadaye.

Bei ndiyo pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Kikaango cha chuma kutoka nje ni ghali kwetu, na si haki kumwambia mtu mwenye mapato ya siku kwa siku kwamba kitajilipa baada ya miaka ishirini. Ila vyombo hivi hudumu kiasi kwamba soko lake la mitumba ni soko halisi. Kiwanda cha Lodge huko South Pittsburg, Tennessee, kilichoanzishwa mwaka 1896, kingali kinasubu. Cha Griswold cha Erie, Pennsylvania, kilifungwa mwaka 1957, na vikaango vyake bado vinauzwa, vinanunuliwa na kupikiwa. Anayekuta chuma cha vitumbua cha zamani au kikaango kikuukuu kwenye mnada, kutu isimtishe. Akigonge kwa kijiko: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Akiweke juu ya meza aone kama kitako kinayumba. Amwulize muuzaji kilipikia nini, maana mvuvi aliyekitumia kuyeyushia risasi ya chubwi amekwisha kukiharibu kwa chakula, na hakuna kusugua kutakakokisafisha. Kikipita mtihani huo, kikwanguliwe, kioshwe, kikaushwe motoni na kukomazwa kwa alizeti. Wiki za mwanzo kipewe vitu vya mafuta mengi, bagia, maandazi, samaki wa unga, kisha chapati. Nyanya na ukwaju visubiri mpaka weusi wake ung'ae.